Klauni wa Free Area: shajara ya kuzalisha samaki wa bahari Nakuru

Naandika kutoka mtaa wa Free Area, Nakuru, kwa yeyote wa huku bara anayetaka kujaribu. Mambo ya kawaida ya tangi, kama kuunganisha mipira ya hewa na kusubiri bakteria wa kula amonia wajijenge, nayapita mbio kwa sababu hayana siri. Nitakaa pale nilipoumia.

9 Oktoba 2022: Tangi na maji matupu

Samaki nimeshamchagua: klauni wa Pwani yetu, Amphiprion allardi, mwenye mwili wa rangi ya chungwa lililoungua na mistari miwili myeupe. Wafugaji wengi duniani hupenda klauni aina ya ocellaris, lakini huyo hapatikani kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Nataka wa kwetu.

Fundi wa vioo wa jua kali amenitengenezea tangi la lita 200 kwa shilingi 9,500. Aliposikia ni la maji ya chumvi alicheka, kisha akaongeza silikoni raundi ya pili bila kuombwa. Halijavuja tone.

Maji yalinisumbua kichwa. Ya visima vya huku yana floraidi nyingi, na meno yetu ya kahawia tuliokulia hapa ni ushahidi tosha. Ya mfereji yana klorini. Ya mvua yanapitia mabati mapya, na zinki haielewani na viumbe wa bahari. Nimeishia kwenye duka la kujaza maji ya kunywa, shilingi 100 kwa lita 20. Mashine yao huchuja karibu kila kitu, na ndivyo ninavyotaka: maji yasiyo na neno.

27 Novemba 2022: Chumvi ya gunia

Hapa nilijiona mjanja. Chumvi iliyochanganywa maalum kwa matangi ya bahari niliipata Nairobi kwa shilingi 14,500, ndoo ya kilo 20, inayotoa kama lita 570 za maji. Na kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, bahari inaanikwa kila siku na gunia zima la kilo 50 ni bei ya kuchekesha. Nikajiuliza: hiyo si bahari iliyokauka? Nikiirudishia maji si itakuwa bahari tena? Gunia likaja, shilingi 1,200 pamoja na usafiri.

Refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ilisoma 1.025, sawa kabisa na bahari. Nilitanguliza konokono sita wa baharini. Siku ile ile walijifungia ndani ya magamba, na siku ya tatu nyumba ilikuwa inanuka. Nilipopima kalsiamu haikufika miligramu 60 kwa lita. Bahari ina kama 410.

Kumbe maji ya bahari yakianikwa hayagandi yote kwa mpigo. Kalsiamu hutangulia kuganda kwenye mabwawa ya mwanzo, halafu ndiyo huja chumvi tunayoijua, na magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachoingia guniani ni chumvi ya ugali na mboga, basi. Refraktomita nayo hupima jinsi mwanga unavyopinda. Haikuambii ni chumvi gani iliyoupinda.

Gunia nimelisukuma chini ya ngazi.

18 Desemba 2022: Jerikeni kumi

Shemeji yangu huendesha lori la Mombasa. Nilimwomba anichotee maji ya bahari mbali na bandari na mbali na mdomo wa mto, naye akaleta jerikeni kumi za lita 20. Kabla hajamaliza chai, habari zilikuwa zimefika nyumba ya nne. Mama jirani alikuja na chupa ya soda akaomba ya kuombea. Mwingine alitaka ya kuoga, maana mambo yake yamekwama tangu Machi. Nikawapimia wote wawili, nani anataka lawama.

Kosa: sikuuliza jerikeni zilibeba nini kabla. Mbili zilikuwa za mafuta ya kupikia. Niligundua maji yakiwa tayari tangini, uso wake unang'aa rangi saba kama dimbwi la gereji. Utando wa namna hiyo huziba hewa isiingie majini, na huku mita 1,850 juu ya bahari oksijeni ni ya kubana tayari, maji ya uvuguvugu yenye chumvi ndiyo kabisa. Tiba ilikuwa magazeti: unalaza ukurasa juu ya maji, unauvuta taratibu, unatupa, unalaza mwingine. Kurasa za michezo zilinisaidia siku mbili. Shemeji nilimpa 2,000.

Kisha nikanunua ndoo ya 14,500 kama nilivyopaswa kufanya Oktoba.

4 Februari 2023: Wawili wa kimo kimoja

Samaki wamekuja kwa basi la usiku kutoka kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni, kila mmoja kwenye mfuko uliojazwa oksijeni, ndani ya kasha la stairofomu. Niliagiza wawili wa sentimita 5, nikidhani wakilingana watapendana.

Klauni hawaendi hivyo. Wote huanza bila kuwa jike. Yule mkubwa anayetawala ndiye anayegeuka jike, anayemfuata anakuwa dume, na jike akifa dume hupanda cheo akawa jike. Ukiweka wawili wanaolingana, kila mmoja anataka kiti. Wiki mbili waliraruana mikia mpaka nikamtenga mmoja ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu. Nikaagiza wa tatu, mdogo wa sentimita 3, na yule wa kikapu akachukuliwa na rafiki wa Nairobi mwenye tangi kubwa. Samaki watatu na usafiri: 8,500.

Mdogo alipoingia, mkubwa alimkimbilia kwa hasira. Mdogo akalala ubavu na kutetemeka mwili mzima, kama mtu anayepiga magoti akiomba radhi. Mkubwa akageuka akaenda zake. Yakaisha.

16 Julai 2023: Baridi

Miezi mitano bila jipya. Wamepewa chungu cha maua cha udongo kilicholazwa ubavu badala ya anemoni, yule kiumbe wa baharini ambamo klauni huishi, ambayo ni ngumu kuitunza na si lazima kwa kuzaa. Wanalala humo wakiwa wamebanana.

Baridi ya Julai ndiyo habari. Chumba kinashuka hadi nyuzi 16 alfajiri na hita ya wati 200 inafanya kazi bila kupumzika kushikilia 27. Tokeni za stima ziliongezeka kama shilingi 3,000 kwa mwezi. Niliokota stairofomu ya kasha la televisheni, nikaivalisha pande tatu na chini ya tangi, nikaweka kifuniko. Gharama ikashuka nusu. Ningefanya hivyo siku ya kwanza.

5 Agosti 2023: Mayai, asubuhi moja tu

Tangu Jumatano dume alikuwa anausugua ukuta wa chungu kwa mdomo mpaka ukang'aa. Alhamisi jioni jike akapita juu yake taratibu, tumbo chini, akiacha mstari wa mayai ya rangi ya chungwa, na dume nyuma yake. Nilikadiria mia moja na zaidi. Jumamosi asubuhi hapakuwa na hata moja. Wamekula wenyewe. Uzao wa kwanza huwa hivyo mara nyingi, na dume bado anajifunza.

27 Agosti 2023: Usiku wa giza la nchi nzima

Uzao wa pili ulitagwa tarehe 17 na dume aliutunza. Alipepea kwa mapezi kutwa, akiokota mayai yaliyokufa. Rangi ilitoka chungwa ikawa kahawia, na Ijumaa tarehe 25 macho yalikuwa ya fedha, jozi jozi, yakinitazama kupitia kioo. Hiyo ndiyo ishara: usiku huo wataanguliwa, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa.

Magharibi nilihamisha chungu kwenye beseni jeusi la lita 40 lenye maji ya tangi la wazazi, nikaweka jiwe la hewa karibu na mayai ili mapovu yafanye kazi ya baba. Nilizima taa saa mbili. Saa tatu na nusu nikamulika kwa tochi niliyofunika kitambaa chekundu: vijisindano vyenye macho vinaruka majini, mamia.

Muda si mrefu stima ikapotea. Si mtaani tu, nchi nzima. Pampu ikanyamaza, na nusu ya mayai bado yamo chunguni.

Sikuwa na betri. Nilichukua pampu ya baiskeli, nikaunga mpira wa hewa kwenye mdomo wake, tukapokezana na kijana wangu wa gredi ya saba: mimi mipigo hamsini, yeye hamsini. Saa nane akasinzia ameshika mpini. Beseni nililizungushia chupa za maji ya moto ya jiko la gesi, lakini alfajiri lilikuwa nyuzi 21. Nilihesabu waliobaki nikafika sitini hivi. Jumapili hii hakuna aliye hai.

Kilichonikata maini zaidi ni rotifa, vile vidudu vidogo vya majini vya kulisha vifaranga. Ndoo yao nayo ilikaa bila hewa, ikafa usiku ule ule. Hata kama vifaranga wote wangepona, sikuwa na cha kuwalisha.

Nimenunua betri na inveta, 23,000. Ningezinunua kabla ya samaki.

23 Septemba 2023: Walikufa wameshiba

Hapa lazima nieleze rotifa. Kifaranga wa klauni anaanguliwa na milimita 3 hadi 4, na mdomo wake haumudu unga wala chakula cha dukani. Anataka kitu kinachotembea, kidogo kuliko punje ya vumbi. Wafugaji wote hutumia rotifa wa maji ya chumvi, Brachionus, kwa wiki ya kwanza, na inatakiwa kama kumi kwa kila mililita. Kwa maji ya lita 30 hao ni laki tatu, na wasipungue. Watu wawili waliniambia nichote kwenye Ziwa Nakuru, maana rotifa wamo. Wamo, lakini ni hifadhi ya taifa, na ni maji ya magadi. Mbegu yangu ilitoka kwa rafiki aliye Pwani, chupa ya nusu lita.

Rotifa niliwakuza upya kwa hamira ya maandazi. Walijaa mpaka maji yakaonekana yana chengachenga. Uzao wa tatu ukaanguliwa salama, kama mia na hamsini, na siku ya pili niliona matumbo yao yamejaa, meupe. Nilimwita mke wangu aje aone. Siku ya nne walianza kuzunguka kama waliolewa, siku ya tano nikawa nawafyonza kutoka chini kwa mpira.

Wenye shida ni rotifa: hubeba kile walichokula. Aliyelishwa hamira hana yale mafuta ya omega-3 ambayo kifaranga wa bahari hawezi kujitengenezea. Ilikuwa kama kumjaza mtoto mchanga maji ya mchele. Rotifa wanataka mwani, na mwani wenyewe, Nannochloropsis, inabidi uulime. Ndipo nilipoelewa kwamba samaki ni kazi ya mwisho. Mimi ni mkulima wa maji ya kijani.

5 Novemba 2023: Kijiko kimoja

Shamba la mwani: chupa sita za maji za lita 5, taa ya LED, mpira wa hewa kila chupa, mbolea ya maji kidogo sana kutoka duka la pembejeo (soma kibandiko, yenye shaba usiguse), na mbegu ya rafiki yule yule. Siku ya tatu huwa kijani cha parachichi, siku ya nane cha majani ya kunde. Kipimo changu ni sarafu ya shilingi moja iliyogundishwa mwisho wa kijiti: ikipotea machoni kabla ya kuzama sentimita 5, chupa imeiva.

Katikati ya Oktoba chupa zote sita zilikuwa zimeiva. Jumatatu moja nne zikawa nyepesi. Jumatano zilikuwa wazi kama maji ya kunywa, na nikimulika naona vidoa vinavyocheza. Rotifa. Walikuwa wamelila shamba lote.

Nilitafuta mlango walioingilia na nikaupata jikoni: kijiko cha plastiki nilichokuwa nakitumia kukoroga ndoo ya rotifa, nikakisuuza na kukorogea mwani. Tone moja lenye rotifa wachache linatosha, kwa kuwa wakiwa na joto na chakula huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Nilianza upya kutoka chupa ya akiba iliyokuwa kwenye friji, nyuma ya maziwa. Bila hiyo chupa ningekuwa narudi kuomba Pwani.

Sasa mwani uko chumba cha mbele na rotifa wako stoo. Asubuhi nahudumia mwani kwanza na sirudi huko tena siku hiyo. Vyombo vya mwani vina utepe wa kijani, vya rotifa utepe mwekundu, na hakuna anayevuka. Wageni hudhani ni mapambo ya Krismasi.

Jambo lingine: rotifa wavune kila siku, robo ya ndoo, hata kama huna wa kumlisha. Wakiachwa wakijaa hufa wote kwa pamoja. Chujio la dukani lilikuwa ghali, nikapata kipande cha kitambaa cha wachapishaji wa fulana mjini, chenye nyuzi 120 kwa sentimita. Maji yanapita, rotifa wanabaki. Mchapishaji alinipa bure.

Uzao wa nne na wa tano ulipita nikiwa sina chakula. Niliwaachia wazazi.

9 Desemba 2023: Siku ya kumi na mbili

Uzao wa sita ulianguliwa usiku wa 27 Novemba. Beseni jeusi sasa limekaa ndani ya beseni kubwa lenye hita, hivyo vifaranga hawagusi hita na joto halichezi. Maji nimeyatia mwani kidogo, yawe kijani cha chai ya mchaichai: rotifa wanaendelea kula humo humo na mwanga hauwachomi vifaranga macho. Asubuhi ya kwanza niliona kama 120. Siku ya saba, sabini.

Siku ya nane nilianza artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi vya kulisha vifaranga, na hapa gunia la Gongoni likatoka chini ya ngazi. Mayai ya artemia hayana makuu: gramu 25 za chumvi ile kwa lita, soda ya kuokea kidogo, nyuzi 28, hewa kwa nguvu, na kesho yake yameanguliwa. Zima hewa, weka tochi ubavuni. Walio hai hufuata mwanga na maganda huelea. Maganda yasiingie kwenye beseni, kifaranga akiyameza humkaba.

Juzi nilijisahau kwa furaha. Mstari mweupe wa kwanza ulikuwa umetokea nyuma ya jicho kwa wachache, nikawamwagia artemia kama mtu anayesherehekea. Waliobaki bila kuliwa walikufa, amonia ikapanda, na kwa pH ya 8.2 amonia kidogo tu ni sumu. Nilipoona kipimo nilishtuka nikabadilisha nusu ya maji kwa mpigo. Mshtuko uliua wengine walionusurika amonia. Thelathini na watano kwa siku moja.

Sasa maji mapya yanaingia kwa matone kupitia mpira wa hewa uliofungwa fundo, lita 8 kwa usiku mzima.

17 Februari 2024: Hesabu

Wamebaki kumi na tisa, sentimita 2 na kidogo, mistari miwili kamili. Wanalala wote kwenye kona moja wakipangana kwa vyeo, na mkubwa wao ameshaanza kusukuma wenzake.

Matumizi, bila stima na bila maji ya dukani: tangi 9,500, mabeseni 1,800, gunia la Gongoni 1,200, shemeji 2,000, ndoo mbili za chumvi 29,000, hita mbili 5,000, pampu tatu 6,600, betri na inveta 23,000, samaki 8,500, refraktomita na vipimo 11,400, kopo la artemia 6,500. Jumla 104,500. Mke wangu alichukua simu akagawanya kwa kumi na tisa: 5,500 kila samaki. Akaniuliza kama wanaliwa.

Mama jirani amerudi na chupa yake ya soda. Nilimweleza kwamba haya sasa ni maji ya ndoo, hayajatoka Mombasa. Akasema basi atasubiri lori.

Dume ameacha kula tangu asubuhi, na macho ya mayai yamegeuka fedha. Rotifa wako kumi na mbili kwa mililita. Betri imejaa. Nazima taa saa mbili.